Teki tisa, mwimbaji mmoja

Msomaji wa Tanga ameniandikia hivi: "Shikamoo mwalimu. Nimemrekodi dada yangu nyumbani, wimbo wa injili wa dakika nne, kwa maiki moja na kompyuta yangu. Ameimba mara tisa. Hakuna hata mara moja iliyokaa sawa mwanzo hadi mwisho, ila kila moja ina mahali pazuri. Nimejaribu kukata na kuunganisha yale mazuri, nikapata kitu kinachosikika kama wanawake wawili wanapokezana. Halafu kuna mstari wa ubeti wa pili, 'Mzigo ulionitesa moyoni umeutua', ambao neno 'moyoni' limeharibika karibu kote. Mara moja tu ndipo liko safi, lakini kila nikilipandikiza linagoma. Na dada mwenyewe anauliza kama hii si kuwadanganya watu. Nifanyeje?"

Marahaba, mwanangu. Nianze na swali la dada yako, maana asipopata jibu ataimba kwa wasiwasi, na wasiwasi huo utaingia kwenye maiki kabla wewe hujagusa programu yoyote.

Kuunga vipande hakukuanza na kompyuta. Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri za kampuni ya HMV, sauti yake ilichorwa moja kwa moja kwenye nta. Upande mmoja wa santuri ulibeba dakika tatu hivi, na nta haikatwi ikaungwa. Ukikosea neno la mwisho, bamba linawekwa kando, mnaanza upya na ala zote. Kilichogeuza mambo ni tepu ya sumaku, iliyoenea studio baada ya Vita Kuu ya Pili. Tepu ni utepe tu. Unaweza kuutandaza juu ya meza, ukaukata kwa wembe na kuuunga kwa utepe mwingine wa gundi. Mafundi wakaanza kuchukua mwanzo wa mara ya tatu na mwisho wa mara ya tano, na msikilizaji asijue.

Mpiga piano wa Kanada, Glenn Gould, alilieleza jambo hili waziwazi mwaka 1966, miaka miwili baada ya kuacha kabisa kupiga mbele ya hadhira. Alikuwa amerekodi fyuga moja ya mtunzi Bach (fyuga ni kipande ambamo wazo moja la muziki hupokezanwa na sauti kadhaa) mara nane. Teki (kila mara ya kurekodi ni teki moja) ya 6 na ya 8 zilikuwa nzima, hazikuhitaji kuungwa popote. Lakini alipozisikiliza baadaye, kila moja ilimchosha kwa namna yake: moja ilikuwa nzito mno tangu mwanzo hadi mwisho, nyingine nyepesi mno. Mwendo wa teki hizo mbili ulikuwa karibu sawa. Basi akatumia ile nzito mwanzoni na mwishoni, ile nyepesi akaiweka katikati, akapata kitu kilichozidi zote mbili. Mwambie dada yako kisa hicho. Gould hakuwa akificha makosa. Alikuwa akitafuta maana ya muziki, na maana hiyo haikukaa yote ndani ya teki moja.

Kwangu mimi udanganyifu ungekuwa kuweka sauti ya mtu mwingine chini ya jina lake. Hapa kila neno ameliimba yeye. Lakini kuna mpaka ambao mimi siuvuki, na nakuomba usiuvuke: usimjengee uwezo asiokuwa nao. Ikiwa ile noti ya juu ameipata mara moja katika tisa, tena kwa bahati, Jumapili ijayo watu watamwomba aiimbe kanisani na atasimama mbele yao bila msaada wako. Kitu alichokifanya vizuri mara tatu au nne kati ya tisa ni chake halali. Alichokifanya mara moja, mwite tena akifanye, au mshushie ufunguo wa wimbo.

Sasa tuje kwa wale wanawake wawili unaowasikia.

Sehemu kubwa ya tatizo lako haipo kwenye kiungo. Ipo chumbani, siku ya kurekodi. Maiki nyingi za studio, zile zinazosikiliza upande wa mbele, huongeza besi kadiri mdomo unavyosogea karibu. Tena umbali ukipungua kwa nusu, tuseme kutoka sentimita 30 hadi 15, sauti inayofika moja kwa moja hupanda kwa desibeli 6 hivi (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), huku mwangwi wa chumba ukibaki palepale. Kwa hiyo dada yako akisogea kiganja kimoja tu kati ya teki ya pili na ya saba, unapata mwanamke mmoja aliye mbali kule ukutani na mwingine aliyekunong'oneza sikioni. Hakuna krosifedi, yaani kupishanisha mwisho wa kipande kimoja na mwanzo wa kingine, itakayowafanya wawe mmoja. Bandika kipande cha plasta sakafuni, vidole vya miguu viguse hapo kila mara, na uweke kile kitambaa cha kuzuia upepo wa mdomo kati yake na maiki, kwa umbali ambao hautabadilika. Hedifoni nazo zisipandishwe wala kushushwa sauti katikati ya kazi. Mwimbaji anayejisikia kwa sauti kubwa huimba kwa kujizuia, na asiyejisikia hupaza.

Halafu kuna chumba chenyewe. Feni ilikuwa inazunguka teki ya kwanza mkaizima kwa teki ya nne kwa sababu ya kelele? Basi nyuma ya kila kipande cha teki ya kwanza kuna upepo, na nyuma ya vingine hakuna, na sikio linaona pazia likifunguliwa na kufungwa ingawa halijui ni nini. Mimi hurekodi sekunde 20 za chumba kitupu, mwimbaji akiwa amesimama palepale kimya, kabla ya teki ya kwanza na baada ya teki ya mwisho. Kimya hicho ndicho ninachotumia kujaza mapengo. Adhana, bodaboda na jogoo wa jirani ni shauri lingine. Vikiingia, unasimama unangoja.

Na kuna koo. Teki mbili tatu za mwanzo mara nyingi sauti bado ni baridi, haijafunguka. Za katikati ndizo zenye mwili. Za mwisho huwa na uchovu unaosikika hasa kwenye irabu ndefu, ambazo huanza kutetemeka au kuwa kavu. Ukichukua neno moja la teki ya pili ukaliweka katikati ya teki ya tisa, hujaunga sauti mbili za dada mmoja, umeunga nyakati mbili tofauti za siku. Kwa hiyo kanuni yangu ya kwanza ni kuazima kwa jirani: teki ya tano ikiwa na pengo, kwanza angalia ya nne na ya sita.

Hapo nimekwisha kutaja jambo ambalo nataka ulishike kuliko mengine yote. Wewe umefanya kama wanavyofanya wengi wanaoanza: umefungua teki tisa, ukaenda neno kwa neno, ukachagua lililo zuri zaidi katika kila safu. Usifanye hivyo. Tafuta teki moja iwe mama, kisha uitibu pale tu inapoumwa.

Nalisema hili kwa uchungu wa aliyewahi kukosea. Miaka kadhaa iliyopita nilimrekodi mama mmoja mwimbaji wa taarabu, mtu wa sauti nzito iliyokwisha kuiva. Aliimba mara kumi na moja, na mimi kwa kumheshimu nilikesha siku mbili nikikusanya kila silabi iliyo bora. Pumzi zake nilizifuta zote, nikidhani namsafishia. Alipokuja kusikiliza alikaa kimya mpaka mwisho, halafu akaniuliza taratibu: "Mwanangu, huyu anapumulia wapi?" Sikuwa na jibu. Kila neno lilikuwa zuri, lakini hapakuwa na mtu. Mstari wa kwanza ulikuwa na huzuni ya teki ya tatu, wa pili ulikuwa na ukali wa teki ya tisa, na huzuni ile haikuwa imefikia ule ukali kwa njia yoyote, iliruka tu. Nilirudi kwenye teki ya sita, nikaiacha kama ilivyo, nikabadilisha mistari minne pekee. Hiyo ndiyo aliyoikubali.

Basi fanya hivi. Chapa au andika mashairi kwenye karatasi, mstari mmoja mmoja, na kulia kwake chora safu tisa. Kisha zima kioo cha kompyuta, au geuka ukaipa mgongo. Macho yana tabia ya kusikiliza badala ya masikio. Ukiona wimbi limepanda sana unadhani kuna kosa, kumbe ni herufi P tu. Sikiliza teki ya kwanza yote bila kuisimamisha, pamoja na ala, na uandike alama kwa kila mstari. Mimi hutumia alama tatu tu: nyota kwa mstari ulionigusa, mkwaju (/) kwa ulio sawa, duara kwa ulioharibika. Ukimaliza teki tatu, pumzika, kunywa chai. Masikio yaliyochoka huanza kupenda kitu kwa sababu tu ni tofauti na kilichopita.

Nyota usiipe noti iliyo sawa. Ipe kauli. Jiulize: nikisikia mstari huu namwamini? Noti iliyopinda kidogo inaweza kunyooshwa baadaye, neno lililochelewa kidogo linaweza kusogezwa, lakini mwimbaji ambaye wakati ule alikuwa akifikiria shuka alizoanika nje hutampa imani kwa programu yoyote. Nimeona mara nyingi mstari wenye mkwaruzo mdogo ukishinda ule safi, kwa sababu mkwaruzo ulitokea palepale ambapo maneno yanauma.

Teki yenye nyota nyingi zinazofuatana, si nyingi kwa jumla, ndiyo mama. Nasisitiza zinazofuatana. Teki yenye nyota kumi zilizotawanyika ni dhaifu kuliko yenye nyota saba ambazo tano ziko pamoja katika ubeti mmoja, maana pale kuna safari nzima ya hisia ambayo huwezi kuitengeneza kwa viraka. Ukiweza, chukua kiraka cha mstari mzima. Ukishindwa, nusu mstari, penye kituo cha shairi. Neno moja ni dawa ya mwisho, na silabi moja mimi huigusa mara chache sana kwa mwaka.

Sasa wembe wapitie wapi? Hapa Kiswahili kina tabia zake. Mafunzo mengi yaliyoko mtandaoni yametungwa kwa lugha ambazo maneno huishia kwa konsonanti, na wanakuambia kata kati ya neno na neno. Kwetu hilo halikusaidii sana. Silabi zetu karibu zote zinaishia kwa irabu, na mwimbaji huzivuta zikashikana, mwisho wa neno hili na mwanzo wa lile vikawa uzi mmoja. Nafasi unayoiona kati ya maneno kwenye karatasi haipo kwenye sauti. Kimya cha kweli kimejificha ndani ya konsonanti: P, T, K na CH. Kabla ya hizo kupasuka, mdomo hufunga kabisa na koo hunyamaza kwa makumi ya milisekunde. Pale ndipo pa wembe. S, SH na F hazina kimya, ila zina upepo usio na noti, na upepo wa teki moja huungana na wa nyingine bila ugomvi.

Mahali pa kukwepa ni irabu mbili zilizokutana, kama katika "jua", "maua" au "kaa", maana sauti pale haisimami hata kidogo. Kwepa pia ile ng'ong'o ya puani inayotangulia konsonanti: MB, ND, NG, NJ. Katika "penda" noti haiishii kwenye E. Inaendelea kuimbwa ndani ya N, na mara nyingi mwimbaji anaanza kuihamisha noti humohumo. Ukikata kati ya N na D umekata mshipa.

Sasa tazama mstari wako:

Mzigo ulionitesa moyoni umeutua.

Neno lililoharibika ni "moyoni". Lisome polepole: M, Y, N. Hakuna hata konsonanti moja inayonyamazisha koo. Kabla yake kuna A ya "tesa", baada yake kuna U ya "umeutua". Yaani neno lenyewe limezungukwa na sauti inayotiririka pande zote mbili, na ndiyo sababu kila ulipolipandikiza liligoma. Si kwamba hujui kukata. Umekata mahali ambapo hakuna mlango.

Milango yenye kimya ipo miwili katika mstari ule. Wa kwanza ni T ya "ulionitesa". Wa pili ni T ya "umeutua". Kwa hiyo kiraka chako si "moyoni" bali "…tesa moyoni umeu…", kuanzia kimya kilicho kabla ya T ya kwanza hadi kimya kilicho kabla ya T ya pili. Tena una bahati ya ziada: katika Kiswahili mkazo hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na hapa T zote mbili ndizo zinazofungua silabi ya mkazo, TE katika "tesa" na TU katika "tua". Mwimbaji huisukuma silabi hiyo kwa nguvu, na mlipuko wake hufunika kiungo kama ngoma inavyofunika nyayo. Kata hapo, sikiliza tena kuanzia mistari miwili nyuma, si kuanzia kwenye kiungo. Ukianza kusikiliza palepale unapojua pana kovu, utaliona hata lisipokuwepo.

Kuhusu krosifedi yenyewe, sina mengi. Tepu haikukatwa wima. Ilikatwa mshazari wa nyuzi 45 ili sauti moja iondoke kidogokidogo nyingine ikiingia. Kwenye tepu ya robo inchi inayokwenda sentimita 38 kwa sekunde, mshazari huo ulichukua milisekunde 17 hivi. Mafundi walifanya kazi nzuri sana na hizo 17, nawe huhitaji zaidi. Katika kimya cha T, milisekunde 5 hadi 10 zatosha kuondoa ule mdonoo unaotokea wimbi moja linapokatika juu na lingine kuanza chini. Ukipita kwenye S au SH unaweza kufika 20. Programu nyingi hukupa mteremko wa aina mbili. Kwa teki mbili tofauti chagua ule unaotunza nguvu, kwa sababu mteremko ulionyooka utakuachia kishimo cha sauti katikati.

Wanaonyosha krosifedi hadi nusu sekunde wakidhani wanalainisha kiungo wanafanya kinyume. Katika nusu sekunde hiyo unasikia dada yako wa teki ya nne na dada yako wa teki ya sita wakiimba pamoja, na noti zao hazilingani sawasawa. Hao ndio wanawake wawili wengine uliowasikia. Ikitokea huna mlango wowote na lazima ukate ndani ya irabu ndefu, kuza picha mpaka uone wimbi linavyojirudia, tafuta mahali ambapo teki zote mbili zinapanda kwa namna moja, na upishe kwa mzunguko mmoja au miwili tu wa wimbi. Kwa noti ya hezi 220, yaani mizunguko 220 kwa sekunde, mzunguko mmoja ni milisekunde nne na nusu hivi. Ni kazi ya subira, na hata ikifanikiwa huwa najuta nusu ya mara hizo.

Pumzi sasa, maana nilipigwa somo. Pumzi ni mali ya mstari unaofuata. Mwimbaji huvuta hewa kulingana na anachotaka kusema. Kabla ya mstari mpole hujaza taratibu, kabla ya mstari wa kupaza huvuta kwa kasi na kina. Ukichukua mstari kutoka teki ya sita, chukua na pumzi yake. Pumzi ikiwa kubwa mno unaishusha kwa desibeli chache, huifuti. Na pumzi mbili zisifuatane: kata inayobakiza mwisho wa pumzi ya mama na mwanzo wa pumzi ya jirani humfanya mwimbaji aonekane anahema.

Kabla ya kuendelea, linganisha ukubwa wa viraka kwa mkono, kipande kwa kipande, ukitumia sauti ya kipande chenyewe na si kile kitelezi cha mwisho. Kompresa, ile programu inayobana sauti zinazozidi, ikikutana na kiraka kilichozidi kwa desibeli mbili itakibana tofauti na majirani zake, na rangi ya sauti itabadilika hata kama wewe ukishusha baadaye. Kunyoosha noti nako kuje baada ya kuunga, si kabla. Ukinyoosha teki zote tisa kwanza, utapoteza usiku mzima kwenye vitu utakavyovitupa, na mbaya zaidi utaanza kuchagua kwa sababu ya unyoofu, na zote zitakuwa zimenyooka. Ukishamaliza kuunga, hifadhi faili kwa jina jipya, teki zote tisa ukizibakiza chini yake bila kuzigusa, kisha ndipo unyooshe, ubane, uweke mwangwi.

Hukuniambia unatumia programu gani. Nyingi za leo zinakupangia teki kama safu, moja juu ya nyingine, na wewe unapitisha kipanya juu ya kipande unachokitaka kinachukuliwa chenyewe. Logic inafanya hivyo kwa miaka mingi, Cubase ina safu zake, Pro Tools ina orodha za teki, na Reaper iliboresha sana upande huu katika toleo la 7 la mwaka 2023. Urahisi huo una hatari yake: kupitisha kipanya ni kwepesi mno, na mtu hujikuta na viraka arobaini kabla hajasikiliza wimbo mara mbili. Tepu ilimlazimisha fundi afikiri kabla ya kushika wembe. Ukijiona umefika kiraka cha kumi na tano katika ubeti mmoja, simama. Teki mama uliyoichagua siyo mama.

Usidharau kliki au mdundo wa kumwongoza. Teki za Gould ziliungana kwa sababu mwendo wake ulikuwa karibu mmoja. Kuna mfano maarufu wa kinyume: mwishoni mwa mwaka 1966 huko London, mtayarishaji George Martin na fundi wa sauti Geoff Emerick waliunga rekodi mbili za wimbo mmoja wa bendi ya Beatles, Strawberry Fields Forever, teki ya 7 na ya 26, ambazo hazikuwa na mwendo mmoja wala ufunguo mmoja. Walibadilisha kasi ya tepu mpaka zikakutana, na kiungo kiko kwenye dakika ya kwanza hivi ya wimbo. Ilibidi tofauti ya mwendo na tofauti ya ufunguo zielekee upande mmoja ndipo iwezekane. Usitegemee bahati ya namna hiyo. Dada yako aimbe juu ya mdundo uleule mara zote.

Teki nane zitakazobaki usizifute. Kwenye kiitikio, chukua ya pili kwa ubora na ya tatu, zisogeze moja kushoto na moja kulia, chini kabisa ya mama, halafu zipunguze S na T zake ili zisigongane na za mama. Hapo ule utofauti uliokuudhi ndio unaokupa upana. Nakala ya sauti ileile haitakupa hilo, kwa sababu haina tofauti yoyote ndani yake.

Nirudi kwenye "moyoni". Jaribu kwanza kiraka nilichokueleza, T hadi T, kutoka ile teki moja ambayo neno ni safi, mradi kipande chote cha "tesa moyoni umeu" kiwe kizima humo. Kikikataa, tazama kama neno hilo linarudi kwenye kiitikio kwa noti zilezile. Ukilikuta, uliazime na majirani zake wote wawili. Na kwa kuwa nimesema kitu cha mara moja katika tisa si chake bado, mimi ningempigia simu dada yako leo. Neno linaloharibika mara nane lina sababu: ama noti iko juu mno kwa irabu ile, ama pumzi imemwishia kabla ya kufika. Kwa mstari wako nashuku pumzi, maana "Mzigo ulionitesa moyoni umeutua" ni mrefu na hauna kituo. Mwonyeshe avute hewa baada ya "mzigo", ndogo tu, uone.

Akija, plasta ya sakafuni iwe palepale, maiki kwa umbali uleule, feni kama ilivyokuwa siku ya teki mama, na kama inawezekana saa ileile ya siku. Msikilizishe teki mama yote katika hedifoni ili akumbuke alikuwa amesimama wapi moyoni mwake. Mpe maji ya vuguvugu, yasiwe baridi. Asiimbe neno, wala mstari. Aimbe ubeti wa pili mzima, mara tatu nne. Mwambie mara mbili za kwanza ni za kupasha koo tu, ila wewe anza kurekodi tangu ya kwanza.